Kinanda Kinachomtafuta Mwimbaji

Kila Jumamosi mnaponijia hapa Shively kujifunza kinanda, swali la kwanza huwa lile lile: Bibi, kwa nini umebandika plasta kwenye hiki kitufe? Nami huwajibu kwamba plasta inakishikilia kisidondoke, maana vidole vyenu vikishafika juu ya kinanda sitaki hadithi. Leo kinanda nimekizima, chai ipo, na nje mvua inanyesha ile ya kuudhi. Nitawaambia ukweli, ila ukweli wenyewe una bendi ndani yake, bendi ya roki iliyoanzia hapa Louisville, ikatawanyika hadi Columbus na Buffalo, na nusura ife kwa sababu ya koo la mtu mmoja. Mtu huyo mmemsikia kwa jina tu. Anaitwa Esperance.

Tuanze na kitufe. Kazi yake ni kupandisha au kushusha kinanda kizima bila wewe kuhamisha mkono. Unapiga vibao vyeupe vile vile ulivyozoea, mashine inakuhamishia wimbo. Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kwenye kambi za Kigoma, na kinanda nilijifunzia kanisani huko, kwa mwalimu aliyejua gamu moja tu, yaani alijua kupiga Do ikiwa imekaa mahali pamoja. Do ikihama hata kidogo, mwalimu alikuwa mgeni kama wewe. Hakuona haya, kwa sababu kitufe kilikuwepo.

Na tulikihitaji kweli. Katika kwaya zetu hakuna anayemwuliza mwimbaji anaanzia wapi. Anasimama, anafumba macho, anaanza pale Roho alipomkuta. Kinanda ndicho kinachomtafuta. Unabonyeza juu, chini, juu tena, huku umetulia usoni kana kwamba ulikuwa unajua, mpaka mnakutana. Waumini wamezoea. Wakisikia kinanda kinatangatanga mwanzoni mwa wimbo wanajua bado anatafutwa, wanaendelea kupiga makofi.

Nilikuja Marekani na ustadi huo wa kubonyeza. Kazi niliyoipata ilikuwa kwenye ghala la vyakula vya kugandishwa, mahali ambapo ukipiga chafya lazima ujifute haraka. Tulivaa makoti mazito kama magodoro, na ukimwona mwenzako kwa mbali hujui kama ni mwanamume au mwanamke mpaka aseme. Humo ndimo nilimokutana na Debi, mama wa Kimarekani mwenye mvi fupi, dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo. Akiendesha, alikuwa akiimba kwa sauti iliyonyooka, isiyo na furaha wala huzuni. Nilivumilia kwa muda, kisha nikamfuata na Kiingereza changu cha wakati ule, nikamwuliza ni muziki gani huo unaoimbwa kama mtu anasoma bili ya umeme. Alicheka mpaka akasimamisha foklifti.

Akaniambia kwamba ujanani alikuwa na bendi hapa hapa Louisville, na muziki wao uliitwa new wave, wimbi jipya. Nikamwuliza, ni jipya mpaka leo? Akasema lilikuwa jipya tulipokuwa wasichana. Nikawaza: wakati Debi anapaka nywele rangi ya kijani na kuimba bila kutabasamu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya unga wa mahindi. Watu walioshiba walikuwa wananung'unikia nini? Udadisi ukanishika na haukuniachia mpaka nikaenda kwenye garaji yake.

Juu ya meza, chini ya blanketi, kulikuwa na kinanda kifupi, kizito, chenye vitufe vya kuzungusha kama vya jiko la gesi. Nikaweka vidole vitatu pamoja kama tunavyofanya kanisani. Ikatoka sauti moja. Nikainua mkono, nikaweka tena. Moja. Nikamwambia Debi kwamba mashine yake imeharibika, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshamwomba bisibisi. Debi akaninyang'anya bisibisi. Alisema haikuharibika, hiki ni kinanda cha zamani, kinatoa sauti moja kwa wakati mmoja kama mtu. Je, mimi nimewahi kumwona mtu mmoja akiimba sauti tatu? Nikatafuta kitufe cha kupandisha, nikageuza kinanda chini juu, nikachungulia nyuma kwenye nyaya. Hakikuwepo. Nikahisi kama mtu aliyeshuka kwenye basi akagundua viatu amevisahau ndani.

Basi Debi akawa mwalimu wangu wa pili, na huyu hakuwa na huruma. Alinifundishia ghalani. Zile friji kubwa zinavuma noti moja siku nzima. Akaniambia hiyo ndiyo Do ya leo, niimbe ngazi nzima kutoka hapo huku nikipanga maboksi. Lori likirudi nyuma na kupiga ile pii-pii yake, ananiuliza: umbali gani kutoka kwenye friji? Nikikosea, ananipigia honi. Watu walidhani tumegombana. Jumapili baada ya ibada nilikwenda garajini kwake kutafuta kwa vidole nilichokisikia kwa masikio, na humo ndimo nilimofahamiana na vibao vyeusi, ambavyo hadi siku hiyo nilivichukulia kama mapambo.

Esperance na Bahati walikuwa wenzangu wa ghala na wa kanisa, Wakongo wa Kivu wote wawili. Bahati alipiga gitaa, mtu mpole, mwenye adabu ya kupitiliza. Esperance aliimba kwaya, na sauti yake ya juu ilikuwa kali na safi. Mngekuwa nyuma ya kanisa mngedhani amesimama kando yenu. Niliwaburuta garajini kwa Debi wakasikie. Bahati alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Bon, hii muziki iko na baridi." Esperance akamjibu, "Na siye tuko mu baridi kila siku. Iko muziki yetu." Tukajiita Friza. Mpiga ngoma hatukuwa naye, kwa hiyo Debi akatupa mashine ndogo inayopiga ngoma yenyewe, nasi tukaibatiza Shemeji, kwa sababu iliingia nyumbani bila kuombwa, ilisema jambo moja tu mchana kutwa, na hakuna aliyeweza kuifukuza.

Sasa sikieni kosa letu, maana wengine wote wanasimulia ushindi. Onyesho la kwanza lilikuwa alasiri, kwenye baa moja ya mjini ambako Debi alituombea nafasi. Tulipanda jukwaani na makoti yetu ya kazini, Esperance akiwa ameshika soda kwa mikono miwili. Debi alikuwa amemwambia kwamba katika muziki huu ala ndizo zinazoanza, mwimbaji husubiri. Mimi hakuna aliyeniambia. Bahati akamwasha Shemeji. Mimi nikamsubiri Esperance aanze ili nimtafute. Esperance akanisubiri mimi nianze ili aingie. Bahati, kwa ile adabu yake, akatusubiri sote wawili. Shemeji akaendelea na maneno yake, du-ka, du-ka, nasi tumesimama tu, watu watatu wenye makoti ya magodoro, tunatazamana bila kutabasamu.

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini wale Wamarekani wakaanza kutikisa vichwa. Mmoja akafumba macho. Mwishowe Esperance akachoka, akaanza popote tu kama kanisani, nami nikaanza kumtafuta kibao kwa kibao, mbele za watu, bila kitufe. Nilipompata, ukumbi ukashangilia. Baadaye kijana mwenye hereni puani alimwambia Debi kwamba hajawahi kuona bendi yenye ujasiri wa kuanza vile. Debi hakumsahihisha, nasi tukaufanya huo kuwa mtindo wetu. Tangu siku hiyo Friza ilianza kila wimbo hivyo: Shemeji peke yake, kisha Esperance anaanzia anapotaka, kisha mimi ninamtafuta huku kila mtu anasikia.

Kanisani maneno hayakukosekana. Mzee mmoja alikuja kwenye mazoezi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza wimbo ule ulihusu nini. Bahati akamwambia unahusu basi lililochelewa. "Na Mungu yuko wapi humo?" Bahati akafikiri. "Bon, papa, na yeye anangojea basi pamoja na siye." Mzee alijitahidi kununa, akashindwa. Hakuturudia tena na swali hilo, ingawa aliomba Shemeji apunguzwe sauti.

Mnisikilize na haya, ni ya kazi. Kinanda cha zamani kikitoka kwenye gari wakati wa baridi, usikiwashe hapo hapo. Kifunike blanketi, kiache kipate joto la chumba, unyevu ukauke, kisha kiwashe mapema kabla ya onyesho, maana kikiwa baridi noti zinateleza zenyewe, na utamlaumu mwimbaji bure. Waya wako uende nao, usitegemee waya wa mwenye ukumbi. Na ukijaribu spika usiseme moja, mbili, moja, mbili. Hakuna wimbo wa moja mbili. Imba ule mstari wenye nguvu kuliko yote, usikie spika zinasemaje. Nilijifunza hilo baada ya spika moja kupiga kelele kama mbuzi katikati ya harusi.

Kisha maisha yakatupanga upya. Bahati alikwenda Buffalo kwa wakwe zake, akaanzia upande wa Grant Street, baadaye akapata nyumba Cheektowaga, karibu sana na uwanja wa ndege. Esperance na mumewe walihamia Columbus, akaanza kazi ya kuwatunza wazee majumbani. Mimi nikabaki hapa na friji zangu na kinanda cha Debi. Watu walisema bendi imekwisha. Tulijaribu kupiga pamoja kwa simu, lakini sauti inachelewa njiani. Mnajikuta mnafukuzana kama watoto wanaocheza kombolela. Tukaacha. Kisha siku moja Esperance akaniletea ujumbe wa sauti kutoka kwenye gari lake, ameegesha nje ya nyumba ya mgonjwa kabla ya kuingia kazini. Aliimba tu, akaanzia alipotaka. Nikaenda kwenye kinanda nikamtafuta. Nikarekodi, nikamtumia Bahati, akaweka gitaa katikati ya kelele za ndege. Tuliishi hivyo kwa miaka, na mara chache kwa mwaka tukikutana kupiga mbele za watu, mara Columbus, mara hapa, mara Buffalo.

Ndipo shingo ya Esperance ilipovimba. Lilikuwa rovu, alilichukulia kama mafuta ya umri mpaka likaanza kumbana pumzi. Ikabidi lipasuliwe. Daktari alimweleza mapema kwamba mshipa wa fahamu unaoongoza sauti unapita karibu mno na mahali pa kukata, na kwamba unaweza kushtuka hata mkono ukiwa mwangalifu namna gani. Ukashtuka. Alipozinduka alimwita mumewe, na jina likatoka kama upepo unaopita chini ya mlango.

Nilipata ujumbe wake wa kwanza baada ya upasuaji nikiwa jikoni. Nilidhani simu imeharibika. Nilikuwa nasikia hewa, na ndani ya hewa hiyo kitu kidogo kinachokwaruza. Nikausikiliza tena, safari hii nikielewa, nikakaa chini nikalia. Siwafichi. Sikuwa nalia kwa ajili ya bendi peke yake. Yule mwanamke alikuwa haombi kitu kwa mtu yeyote hapa duniani. Alichokuwa nacho chake mwenyewe ni ile sauti, na sasa hakujua kama itarudi.

Nikapanda gari kwenda Columbus, nikaenda naye kliniki. Mama mmoja mtaalamu wa sauti alimpitishia kamera nyembamba kupitia puani hadi kooni, na kwenye skrini tukaona kile ambacho nilikuwa nikikitafuta kwa vidole miaka yote bila kukiona: mikunjo miwili myeupe, imesimama kama herufi V, midogo kuliko kucha ya kidole chako. Nilisahau adabu, nikasogeza kiti mpaka pua ikakaribia skrini. Mtaalamu akamwambia Esperance aimbe. Mkunjo mmoja ukakimbia katikati. Wa pili haukusogea. Ule mzima ukafika, ukamkosa mwenzake, hewa ikapita katikati.

"Ona, Mama Dora," Esperance akanong'ona, maana mimi huitwa hivyo kwa jina la binti yangu. "Ile moja inalala."

Nikamwuliza mtaalamu maswali mpaka akacheka. Je, ule uliolala unaweza kuamka? Wakati mwingine, alisema, na wakati mwingine ule mzima hujifunza kwenda mbali zaidi ili umfikie mwenzake. Na sauti ikirudi, itarudi pale pale? Huenda isirudi pale. Itakaa wapi, basi? Akainua mabega. Hakuna ajuaye, itakaa itakapokaa.

Dawa yake, msicheke, ilikuwa mrija. Unautia mrija kwenye glasi ya maji, unavuma kupitia mrija huo mpaka maji yanatoa mapovu, sauti inajizoeza bila kujiumiza. Tulikaa mezani kwake, wanawake wawili wazima, tunapuliza mapovu. Binti yake akapita, akatutazama, akasema kwa Kiingereza kwamba sisi ni watu wa ajabu, akaenda zake na chipsi. Esperance alicheka, kicheko kikatoka bila sauti, akakinyamazisha haraka. Niliona jinsi alivyoogopa hata kicheko chake.

Nikiwa bado Columbus, Bahati, akiwa na nia njema, alipiga simu na ushauri. Alikuwa ameshapata ukumbi Buffalo, nyuma ya duka moja la vyakula pale Grant Street, na watu walikuwa wanauliza Friza inarudi lini. "Bon, tuweke playback. Ile tulirekodi zamani. Batu bataona kinywa inatembea, bataridhika."

"Donc munataka nisimame pale kama sanamu?" Ilibidi tuweke sikio karibu kumsikia Esperance. "Playback ni ya mutu mwenye kuwa na sauti, lakini iko muvivu. Mi sina. Nitakuwa nadanganya batu."

"Basi tutafute mwimbaji mwengine, kwa muda tu."

Esperance akakata simu. Kwa majuma mengi sikupata ujumbe wowote kutoka kwake, na kila asubuhi nilikiwasha kinanda na kukizima.

Kisha siku moja ukaingia. Gari limeegeshwa, wiper zinakwaruza kioo, na sauti inaanza. Haikuwa ya Esperance niliyemjua. Ilikuwa chini, chini sana, ina mchanga, inachechemea. Nikaitafuta nilikozoea kumpata, hayupo. Nikashuka, nikashuka tena, nikampata kwenye gamu yenye vibao vyeusi karibu vyote. Nikafurahi, nikamtumia. Kesho yake akaanzia pengine. Keshokutwa pengine tena. Asubuhi alikuwa chini, mchana akapanda kidogo, akipata mafua anahama nyumba nzima. Ikawa kazi yangu ya kila siku kujua leo yuko wapi. Sijawahi kuwa na udadisi kama ule, na sijawahi kujifunza kinanda kama nilivyojifunza mwaka ule, ingawa baridi ya ghala ilikuwa imeshaanza kuvila vidole vyangu kwenye viungo. Ndiyo maana kitufe cha hiki chenu nimekibandika plasta: nataka vidole vyenu navyo vitafute.

Alipokubali kwenda Buffalo alinipigia mwenyewe. "Nitakuja. Lakini kitu moja, Mama Dora. Sauti ikikatika, usinifunike. Usipandishe sauti ya kinanda. Acha basikie vile iko."

"Na isipotoka kabisa?"

"Basi basikie vile haiko."

Mkumbuke mimi ni mtu wa kwaya. Kwetu mwimbaji akikwama, mwenye kinanda anaongeza sauti, mwenye ngoma anapiga kwa nguvu, akina mama wanapiga vigelegele, na aibu ya mwenzetu inafunikwa kabla haijaonekana. Huo ndio upendo tuliofundishwa. Esperance alikuwa ananiomba nimpende kwa namna ambayo mikono yangu haikuijua. Nikamwahidi.

Tulisafiri pamoja kutoka Columbus, kinanda kimefunikwa blanketi kiti cha nyuma, theluji ya ziwani inatupiga kuanzia mji wa Erie. Ukumbi ulikuwa umejaa mchana ule. Walikuwepo Wakongo, Warundi, Wakenya wachache waliokuja na marafiki, Wamarekani wa umri wa Debi wenye makoti meusi, na watoto wanaokimbia kati ya viti. Debi mwenyewe, aliyesafiri kutoka Louisville, alikaa mbele kabisa. Wimbo tuliochagua unaitwa "Ngazi". Ni wa Esperance, aliutunga zamani alipokuwa akiishi kwenye jengo lisilo na lifti hapa Shively, akirudi kutoka kazini na miguu imekufa. Ghorofa ya kwanza anapumzika, ya pili anavua kofia, ya tatu anaufikia mlango wake, na hapo wimbo unaisha.

Shemeji akaanza. Esperance akasimama amefumba macho, kovu jembamba shingoni bila kitambaa cha kulificha. Akaanza. Watu waliomjua zamani wakageuziana macho, niliwaona. Nikamtafuta, nikakosa kwa nusu hatua, nikampata. Ghorofa ya kwanza akaipanda vizuri, polepole, na ule mchanga wa sauti yake ukaufanya uchovu wa wimbo kuwa wa kweli kuliko zamani.

Kwenye ghorofa ya pili sauti ikakatika.

Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichotoka. Bahati akanitazama, akanyanyua kidevu: pandisha sauti. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuongeza sauti, sikumbuki kukipeleka. Mama mmoja nyuma akaanza kigelegele, kile cha huruma. Nikaondoa mkono wote kwenye kinanda, nikauweka mapajani. Esperance akafungua macho, akamnyooshea Shemeji kidole, Bahati akamzima. Mtoto akauliza kwa Kiingereza kama imekwisha, mama yake akamwambia nyamaza.

Esperance akanywa maji. Akashika maikrofoni kwa mkono mmoja tu. Akaanza tena kutoka mahali ambapo hatukuwahi kukutana, chini kuliko zile jumbe za garini, chini kuliko siku za mafua, sauti ambayo ungedhani ni ya mzee wa kiume anayezungumza na kuku wake, lakini ilikuwa inaimba. Akapanda ghorofa ya pili. Akavua kofia. Nikamfuata na noti moja, na moja tena, kwa sauti ndogo, nisimpite. Yule mama wa kigelegele alikuwa amefunika mdomo kwa khanga.

Akafika ghorofa ya tatu. Akaufikia mlango. Mimi na Bahati tukaanza kupunguza, kama tulivyofanya mamia ya mara, na Debi akainua mikono tayari kupiga makofi. Esperance akavuta pumzi, akaimba ghorofa ya nne.

Nilidhani amepotea. Jengo lile lina ghorofa tatu, na yeye ndiye aliyekuwa akiishi ya juu kabisa. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka moto, nikamtazama kumwomba tumalize. Alinitazama pia, akijua ninachoomba, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akanigeuzia mgongo, akawaelekea watu, akaanza ghorofa ya tano.